Visigino Havifiki Chini? Kunja Magoti

Hakuna swali tunaloulizwa katika darasa letu la yoga kama hili: "Mwalimu, mbona visigino vyangu havigusi chini?" Anayeuliza yuko kwenye mkao wa mbwa, viganja na nyayo sakafuni, makalio juu kama paa la kibanda, jasho linamchuruzika kwa kupigania visigino.

Jina lake la Kisanskriti ni Adho Mukha Svanasana, mbwa aliyeelekeza uso chini. Mwangalie mbwa akiamka na kujinyoosha. Anachonyoosha ni mgongo.

Sasa, ukishinda kwenye kiti cha ofisi au kwenye usukani, misuli ya nyuma ya mapaja hukaza. Misuli hiyo imeshika kwenye mifupa ya makalio, kwa hiyo ukilazimisha miguu inyooke, inavuta nyonga na kiuno kinapinda kama upinde. Basi kunja magoti, hata sana, bila aibu. Sukuma sakafu kwa viganja, peleka makalio juu na nyuma. Mgongo ukishanyooka, ndipo unyooshe magoti kidogo kidogo. Ukiona unaanza kupinda, umepitiliza, rudi. Na wapo ambao mifupa ya vifundo vya miguu imeumbwa hivyo, visigino havitagusa chini hata wafanye miaka 10. Hawajapungukiwa na kitu.

Viganja vikiuma, tanua vidole na ugandamize zaidi upande wa kidole gumba na cha shahada. Taulo lililokunjwa chini ya kitako cha kiganja nalo husaidia.

Lakini dawa tunayoipenda zaidi ni kiti. Kiegemeze ukutani kisiteleze, shika ukingo wa kikalio chake, rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mikono na mgongo viwe mstari mmoja. Wenye presha ya kupanda, presha ya macho au mimba kubwa tunawaanzishia hapo, ila mikono ikiwa juu zaidi ili kichwa kisishuke chini ya moyo, na baada ya kuongea na daktari wao. Wengine hukikataa wakidhani ni cha wazee. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Pune, India, ndiye aliyeyapa umaarufu matumizi ya viti, mikanda na matofali ya mbao katika yoga, na uvivu hakuujua.

Ukija mara ya kwanza, fika dakika 10 kabla tukuangalie mkao wako peke yako. Viti tunavyo. Ila tafadhali, usije umetoka kushiba wali.