Msiing'oe transfoma ya kontroli

Mhariri,

Msimu wa pamba ukikaribia, sisi mafundi umeme wa Kanda ya Ziwa huitwa huku na kule kuamsha mashine zilizolala miezi. Wenye viwanda huniuliza swali lile lile: TANESCO inatupa volti 230 na 400, mbona koili za kontakta (swichi za sumaku zinazowasha mota; koili ndiyo sumaku yenyewe) zimeandikwa 110? Wengi hawangoji jibu. Humwambia fundi aing'oe transfoma ndogo ya kontroli, ile inayotoa umeme wa vitufe na koili, na kufunga koili za 230, kwa kuwa ndizo zinazopatikana madukani. Jambo hili linanitia hofu kubwa.

Msimu uliopita niliitwa kwenye kiwanda kimoja ambako mkanda wa kusafirisha mbegu ulianza kuzunguka wenyewe, kijana akiwa ameinama kuusafisha. Ashukuriwe Mungu, alichomoka mzima. Nilipofungua paneli nilikuta transfoma imeondolewa, tena fezi (waya wenye umeme) na nyutro (waya wa kurudisha umeme) zimepishana, hivyo vitufe vimekaa upande wa nyutro. Waya wa kutoka kwenye kitufe kwenda kwenye koili ulikuwa umechubuka ukagusa bomba la chuma. Umeme ukapata njia kupitia athi (waya wa ardhini), koili ikavuta, mota ikazunguka. Fyuzi haikukatika, maana umeme uliopita ulikuwa ule ule mdogo ambao koili huutumia kila siku.

Transfoma ya kontroli ipo kuzuia balaa hilo. Waya zake za kutolea umeme hazijaungana na za laini. Upande mmoja hufungwa kwenye athi, na koili zote huungwa moja kwa moja upande huo. Waya ukichubuka kati ya kitufe na koili, inakuwa shoti: fyuzi inakatika na mashine inasimama. Ndiyo maana kanuni ya kimataifa ya usalama wa umeme wa mashine, IEC 60204-1, inaitaka transfoma hiyo kwenye mashine zinazotumia umeme wa AC kwa kontroli, isipokuwa zile ndogo zenye stata (kiwashio cha mota) moja na vifaa vya kuongozea visivyozidi viwili. Hata 230 inakubalika, mradi itoke kwenye transfoma.

Kwa nini basi 110? Ni mazoea ya Waingereza, na mashine zao zimejaa huku. Wamarekani hutumia 120, na mashine za zamani za Wajerumani nimezikuta na 42. Fundi akishika waya kwa bahati mbaya, 110 ina hatari ndogo kuliko 230, ingawa bado si ya kuchezea. Na kwa nini tusishuke hadi 24 kila mahali? Inafaa sana kwa sensa na PLC (kompyuta ndogo ya kuongoza mashine). Lakini koili kubwa ikitumia 24 huvuta ampia nyingi, na kwenye waya mrefu volti hupungua njiani hadi kontakta inatetemeka badala ya kushika. Tena vumbi la pamba likiganda kwenye kontakti (ncha zinazogusana) za swichi, 24 hushindwa kupenya mahali ambapo 110 hupita.

Naomba wenye maduka ya vifaa vya umeme waweke koili za 110. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wanapotembelea viwanda, waagize paneli zifunguliwe mbele yao, waulize transfoma iko wapi. Na kiwanda ambacho imeng'olewa kiirudishe kabla pamba haijaanza kuingia.

Fundi umeme wa viwandani,
Shinyanga