Mtoto wa mlangoni hakuhesabiwa

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita, ile ya kuwapa watumishi wa afya bonasi kwa kazi inayohesabika, imenitoa kwenye kimya cha miaka mingi. Mimi ni mkunga mstaafu. P4P, mpango wa kuwalipa watumishi wa afya bonasi wakifikia malengo, ilipoanza mkoani Pwani, Tanzania, mwaka 2011 kwa msaada wa Norwei, nilikuwa zahanati yenye wauguzi wawili tu.

Mwandishi wenu anaisifu Uingereza, iliyoanza mwaka 2004 kuwalipa madaktari wa familia kwa pointi wanazopata wakifikia malengo ya huduma. Mbona hakusema kuwa Uskoti iliachana na pointi hizo mwaka 2016? Na daktari wa Uingereza anazitafuta pointi hizo huku umeme unawaka, maji yanatoka na glovu zipo.

Usiku mmoja wa masika mama mmoja aliletwa kwa bodaboda. Tope liliwachelewesha, mtoto akatoka hatua chache kabla ya mlango wetu. Mhudumu wa usafi alimulika kwa tochi ya simu, mimi nikampokea mtoto juu ya kanga ya mamaye, nikafunga kitovu, kisha nikahangaika na damu ya mama hadi alfajiri. Wote wawili walipona. Kwenye rejesta ya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za afya, niliandika ukweli: BBA, kazaliwa kabla ya kufika. Wahakiki wa P4P walipokuja walimruka mtoto yule. Hakuzaliwa kituoni, wakasema, kwa hiyo hahesabiwi. Lengo letu la miezi sita likatupita kwa mtoto mmoja. Mwenzangu, mwenye watoto watatu shuleni, aliniuliza huku akilia kwa nini sikuandika tu kwamba kazaliwa kitandani. Sikuwa na la kumjibu. Mhudumu aliyeshika tochi hakuuliza chochote, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sikatai kwamba Pwani waliojifungulia vituoni waliongezeka. Rwanda nako waliongezeka. Lakini muuguzi hakosi glovu kwa uvivu wake, na bonasi haileti glovu.

Halafu kuna hili la kina mama kuagizwa waje na glovu, wembe na beseni. Sera inasema huduma ya uzazi ni bure, basi anayetukanwa mapokezi ni muuguzi, ilhali maombi ya vifaa aliyapeleka mapema na kuletewa nusu. Mimi fedha yangu ya uhamisho niliifuatilia wilayani miaka minne, kila safari kwa nauli yangu. Mtu unayemdai haki yako hawezi kukuita mvivu.

Ninachoomba ni hiki. Watumishi walipwe madeni yao kwanza, na kila chumba cha kujifungulia kiwe na taa ya sola na tangi la maji. Baada ya hapo, mhakiki anayekuja kuhesabu afike jioni, mwezi ukiwa haupo, akeshe na muuguzi wa zamu mpaka kunakucha. Rejesta aifungue asubuhi, akishanawa mikono.

Mkunga mstaafu,
Pwani