Wahandisi wa anga waenziwe Kisumu

Mhariri,

Tangu setilaiti ya Taifa-1, iliyobuniwa na wahandisi Wakenya, irushwe kutoka California, Marekani, Aprili 15, 2023, sijaona hapa Kisumu hafla hata moja ya kuwaenzi. Naiomba serikali ya kaunti iwaalike katika Uwanja wa Jomo Kenyatta, watoto waketi nao, washike vifaa vyao na waulize jinsi chombo kidogo namna ile kinavyoweza kupiga picha za mashamba yetu na za mafuriko ya Nyando. Binti yangu, aliye Gredi ya Sita, anaamini kazi hiyo ni ya wageni pekee. Inaniuma, kwani setilaiti ya Uhuru ya Marekani ilirushwa kutoka pwani yetu, karibu na Malindi, Desemba 12, 1970.

Mzazi, Kondele, Kisumu