Kichocho cha tumbo si maumivu ya kawaida

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wakazi wenzangu wa mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Ukerewe, kuhusu kichocho cha tumbo, ugonjwa wa minyoo ambao tumeuzoea kiasi cha kutouhesabu tena kuwa ugonjwa.

Mtu mwenye minyoo hii anapojisaidia ufukweni, mayai huingia majini na kuanguliwa. Vijidudu vinavyotoka huingia ndani ya konokono wadogo, huongezeka humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayevuta nyavu. Si lazima kuyanywa maji hayo ili kuambukizwa.

Maumivu ya tumbo, kuharisha na damu katika choo huja polepole, ndiyo maana hupuuzwa. Mayai yanaponasa kwenye ini huleta makovu, wengu huvimba, tumbo huweza kujaa maji na mgonjwa kutapika damu. Inaniuma sana kusikia mgonjwa wa namna hiyo akiambiwa amerogwa, ilhali kipimo cha choo kingeweza kuonyesha mayai hayo mapema.

Dawa ya prazikwanteli, ambayo kwa kawaida hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo iliyokomaa lakini haizuii maambukizi mapya. Kugawa vidonge shuleni ni jambo jema. Hata hivyo, wavuvi na wachuuzi wa dagaa, ambao hushinda majini, nao wafuatwe mialoni, yaani ufukweni wanakoegesha mitumbwi na kushusha samaki, na kila mwalo ujengewe vyoo.

Mkazi wa Igombe,
Mwanza.