Pakeji za programu hazihitaji nyota

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa safu yenu ya teknolojia, anayetaka maghala ya mtandaoni ya programu huria kama PyPI (la lugha ya Python) na npm (la JavaScript) yaweke nyota na maoni ya watumiaji, kama ilivyo kwa programu za simu. Naandika programu za mauzo kwa maduka ya dawa hapa Mwanza, na pakeji za maghala hayo, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine ili tuvitumie, ndizo zinazoniweka mjini.

Jambo hili lilishajaribiwa. PyPI iliweka nyota na maoni mwaka 2009, watunzi wa pakeji wakaja juu, na baadaye vyote vikaondolewa. Walikuwa na haki. Hitilafu inarekebishwa katika toleo linalofuata, lakini lawama ya toleo la zamani inabaki pale pale, inafukuza wageni.

Halafu wanaopiga kura ni nani? Kwenye simu tunasoma: "Nyota moja, imemaliza bando langu." Mteja wangu mmoja alifoka kwamba programu haitoi risiti, karatasi ilikuwa imewekwa kinyume, upande usioshika chapa ndio unaotazama kichwa cha printa. Huyo angenipa nyota ngapi?

Mwandishi wenu anasema nyota zitatulinda na wadukuzi. Hapo ndipo simwelewi kabisa. Novemba 2018 iligundulika kwamba event-stream, pakeji ya npm iliyokuwa ikipakuliwa zaidi ya mara milioni moja kwa wiki, imeingizwa sumu ya kuiba bitcoin za watumiaji wa Copay, pochi ya kidijitali ya kuhifadhia bitcoin. Mtunzi wa pakeji hiyo alikuwa ameikabidhi kwa mtu asiyemjua aliyejitolea kusaidia, na huyo ndiye aliyeingiza sumu. Nyota za pakeji, kama zingekuwepo, zingekuwa tano, zote za kazi ya mtunzi wa kwanza.

Kwenye xz, programu ya kubana mafaili inayotumika sana kwenye Linux, maneno ya watumiaji yenyewe yaligeuzwa silaha. Akaunti ambazo wachunguzi wanaamini zilikuwa za bandia zilimwandama mtunzi, Lasse Collin, zikilalamika kwamba anachelewa, hadi akampa madaraka msaidizi. Msaidizi huyo ndiye aliyepachika mlango wa siri uliofichuliwa Machi 2024. Aliyemnasa ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyeona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia.

Maghala yakitaka kutusaidia, yaandike juu kabisa ya ukurasa: nani ana ruhusa ya kuchapisha pakeji hii, na aliipata lini. Hilo nitalisoma kabla sijasakinisha chochote.

Mwandishi wa programu,
Mwanza