Njia ya mteremko si maegesho ya pikipiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu majengo makubwa ya maduka yanayozidi kufunguliwa jijini Dar es Salaam. Yanapendeza, hilo sibishi. Shida ni kuyaingia.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama, anayetumia kiti mwendo, kununua miwani katika mojawapo. Njia ya mteremko ipo, ila pikipiki tatu zilikuwa zimeegeshwa juu yake. Choo cha wenye ulemavu kilikuwa na kufuli. Mlinzi alipokifungua tukakuta ndoo, mafagio na maboksi ya sabuni. Duka lenyewe liko ghorofa ya pili, na lifti ilikuwa mbovu. Mama akabaki chini, muuzaji akawa anamshushia fremu mbili mbili (kijana muungwana, Mungu ambariki).

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike. Naishauri manispaa, maofisa wake wanapopita kukagua leseni za biashara, wakague pia lifti, vyoo na njia hizo, tena kwa kushtukiza, na waongozane na mtu anayetumia kiti mwendo.

Msomaji wako,
Dar es Salaam