Wito wa Harambee: Chumba cha Ushauri kwa Wanafunzi Wetu, Likoni

Asalaam aleikum na Bwana asifiwe, wazazi, majirani na wapenzi wa shule yetu.

Tunawaandikia kwa haya, maana kadi ya mwisho mliyoipokea kutoka kwetu haijamaliza hata mwaka. Mabati mliyotununulia hayakuvuja tone masika yote, Mungu awalipe. Lakini chini ya mabati hayo hayo kuna jambo limetushinda.

Shule yetu ni ya jamii, chini ya mpango wa APBET, yaani elimu ya msingi mbadala, na wanafunzi wengi wamefika kwetu baada ya kuacha shule au kufukuzwa kwingine. Walipitia maskani kwanza. Muguka (majani ya kutafuna yanayochangamsha), bangi, kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni). Wachache wameshaonja unga, yaani heroini. Mwalimu wetu huwasikiliza kwenye pembe ya darasa, nyuma ya leso iliyotundikwa kwa kamba, na upande wa pili wenzao wanafanya hesabu. Mwezi uliopita kijana wa miaka 15 alikuwa akieleza, kwa sauti ya chini kabisa, jinsi alivyouza sufuria za mamake. Upande wa pili wakacheka. Akanyamaza katikati ya neno, akachukua mkoba, akatoka. Hajarudi. Mamake hupita hapa kila asubuhi akienda ferini, husimama kidogo getini, huangalia ndani, kisha huenda zake.

Bangi na muguka hazina kidonge cha kumwachisha mtu. Tiba yake ni mazungumzo, kikao baada ya kikao, na mzazi akiwemo. Mtoto hawezi kuzungumza mahali anaposikika.

NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kwa sheria ya mwaka 2012, ndiyo yenye kutoa leseni kwa vituo vya tiba na urekebishaji. Tuliomba. Maafisa waliokuja kukagua walitwambia ukweli kwa upole: hatuna chumba chenye mlango, hatuna maji ya bomba, hatuna kabati la kufungia faili za watoto, na mwalimu wetu, pamoja na moyo wake wote, hajasajiliwa kama mshauri kwa mujibu wa Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014. Hatukubishana nao. Ni nani kati yetu angetaka siri ya mwanawe isikike uani?

Mwaka 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, mahakama ikasimamisha marufuku hiyo. Mabanda yakaendelea kuuza. Tukisubiri wakubwa wamalizane, watoto hawa watakuwa watu wazima.

Chumba cha matofali, sinki na kabati ni shilingi 380,000. Mshauri aliyesajiliwa, siku tatu kwa wiki kwa mwaka wa kwanza, ni 240,000. Mkononi tuna 71,500, na sehemu kubwa imetoka kwa akina mama wauza mboga, hamsini hamsini. Mafundi wa mtaani wameahidi kujenga bila kulipwa. Harusi zetu tunazichangia hadi mahema yanakosa nafasi, kwa hiyo uwezo tunajua upo. Nanyi watoto wa Likoni mlioko Ghuba, mlisoma chini ya makuti ya shule hizi hizi, hatujawasahau, msitusahau.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, uwanjani kwetu. Imamu na mchungaji watafungua kwa dua. Kila shilingi itaandikiwa stakabadhi, na hesabu itabandikwa mlangoni mwa ofisi siku saba baadaye. Nambari ya paybill iko nyuma ya kadi. Asiye na pesa alete mfuko wa saruji, au siku moja ya kuchota mchanga.

Na aliye na mtoto anayeteseka sasa hivi asingoje chumba: simu ya NACADA ni 1192, bila malipo.

Kadi zirudi kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi.

Kamati ya Wazazi na Walimu